Nyimbo Taka

Watu wakisimama mlangoni kwetu na kuuliza, "Hapa kuna wifi?" mimi huwajibu, "Yupo, amekaa pale kwenye kona, anafungua kompyuta ya watu." Wengine hucheka, wengine huniona sina adabu. Lakini ni kweli tupu. Yule mwanamke mwembamba mwenye miwani inayomteleza puani ni mke wa kaka yangu, kwa hiyo ni wifi yangu, na ndiye fundi kompyuta wa mtaa mzima. Tumepanga chumba kimoja cha biashara. Upande wa dirishani ni wangu na cherehani zangu mbili na meza ya kukatia. Upande wa ukutani ni wake, na kompyuta zake zilizopasuliwa matumbo, na nyaya, na ile harufu ya risasi ya kuchomelea nyaya ambayo hunitia chafya mpaka leo.

Kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza sikumpenda. Alikuwa anauliza mno. Mama alimmiminia chai, na badala ya kushukuru na kunywa kama mgeni mwenye haya, yeye akauliza kwa nini birika letu lina vipini viwili. Nikamtolea macho. Kumbe mama alikuwa amengoja swali hilo miaka yote. Akaeleza, huku anacheka, jinsi alivyoungua kiganja siku za mwanzo za ndoa, na jinsi marehemu baba alivyolipeleka birika kwa mfua bati bila kumwambia mtu, likarudi na kipini cha pili, cha mbao, kwa ajili yake. Mimi nilizaliwa katika nyumba ile, nikalishika birika lile kila siku, na habari hiyo sikuwa nayo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wanasema. Basi nilimwonea wivu kwanza, mapenzi yakaja baadaye.

Ugonjwa wake mwingine ni lebo. Anabandika majina kwenye kila kitu. Swichi za ukutani zina majina. Funguo zina majina. Nina bati la biskuti ambalo natunzia vifungo na bobini, kama fundi cherehani yeyote duniani, na kila mteja mwenye mtoto lazima mtoto alifungue na kununa. Siku moja nimekuja asubuhi nakuta limeandikwa kwa herufi kubwa: SI BISKUTI. Nilitaka kukasirika, nikacheka mpaka sindano ikanichoma.

"Kitu kisicho na jina kinasumbua kila mtu," akanijibu. "Wewe unajua kilichomo. Mwenzako je?"

Hapo ndipo aliponieleza habari za diski, kwa sababu nilifanya kosa la kuuliza. Diski moja, alisema, inaweza kugawanywa vyumba kadhaa, na kila chumba kikajiona ni nyumba kamili. Yeye huviita patisheni. Kompyuta ikiwashwa huvipa vyumba hivyo herufi, C, D, E, kadiri inavyovikuta. Chomeka diski nyingine, na aliyekuwa D jana leo anaweza kuwa F.

"Herufi ni nafasi kwenye foleni, wifi. Ukitoka kwenda kunywa maji, mtu ameshaichukua. Lebo ni jina. Mwenyewe kalibandika kwa mkono wake, na chumba kinakwenda nalo popote."

Kulikuwa na fundi mwenzake mtaa wa pili aliyeamini herufi. Aliambiwa afute E, akafuta E, na E ya siku hiyo ilikuwa picha zote za mpiga picha wa studio. Siku hizi anauza viatu, na anaviuza vizuri.

Kwa hiyo wifi yangu husoma lebo. Na husoma lebo tu, hilo ndilo linalonishangaza. Mafaili ya mteja hayafungui, hata akibembelezwa. Anasema kufungua faili la mtu bila yeye kuwepo ni sawa na kupekua mkoba wake akiwa msalani. Udadisi wote alio nao, mtu anayeuliza hadi habari za vipini vya birika, na hapo anajifunga mikono. Lebo zenyewe zinamtosha. Huzisoma kwa sauti kama anayesoma majina ya watoto darasani. Kuna mteja ana MPYA, MPYA2 na MPYA KABISA. Kuna mwingine ana chumba kinaitwa KAZI, na mkewe akaapa mbele yetu kwamba humo kuna mpira mtupu.

Basi, siku moja binti wa mwalimu wa kwaya akaja.

Yeye ni mwalimu wa udereva, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kusema "shika breki" kabla hujafa. Aliingia amekumbatia kompyuta kubwa ya zamani, ile ya kusimama, akaitua juu ya meza yangu ya kukatia. Nikamwonyesha meza sahihi kwa kidevu. Akaomba radhi, akaihamisha.

"Dada, hii ni ya baba. Amenipa niitumie ofisini, kwa masomo ya alama za barabarani. Lakini imejaa, inatambaa kama konokono. Naomba mfute takataka zote."

Wifi akauliza mzee anaendeleaje. Sote tulimjua. Alifundisha kwaya miaka mingi, na besi yake ilikuwa ikisikika hadi barabarani, ukipita unahisi kifua chako mwenyewe kinatetemeka. Kisha akaugua koo, wakampasua. Akapona, lakini sauti ikabaki hospitali.

Binti akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Sauti ya breki ikamwisha.

"Hataki hata kusikia kwaya. Ikiimba karibu na nyumbani, anafunga dirisha. Na mimi, dada, mnajua nini? Sina sauti yake. Nimepekua simu yangu yote. Alikuwa mtu wa kupiga na kukata, anataka umfuate mkaongee ana kwa ana. Kanda zake za zamani zimeoza kwa unyevu. Nina mtoto wa miezi mitatu, na kila nikitaka kumwimbia nyimbo alizoniimbia baba, naisikia sauti yangu tu. Sauti yake naanza kuisahau."

Akafuta pua. Mimi nikajifanya natafuta bobini.

Wifi aliichomoa diski, akaiunga kwenye kompyuta yake, na lebo zikajipanga. Akazisoma: MFUMO. NYIMBO. PICHA ZA WA. NYIMBO TAKA.

"Hapo hapo!" binti akaruka. "NYIMBO! Kama amejirekodi, ni humo. Hicho msikiguse, nipeni nakala kwenye flashi. Picha nazo ziacheni. Hizo taka ndizo mfute."

"Nyimbo taka ni nyimbo gani?" wifi akauliza.

"Si zile zilizoharibika? Mazoezi, watu wanakohoa, mtoto analia. Baba alikuwa mtu wa mpango, dada. Nzuri huku, mbovu kule."

Ikanunuliwa flashi, ikajazwa, binti akaondoka nayo ameishika kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi akapiga simu. Wifi aliweka spika, kwa hiyo nilisikia yote. Alikuwa amekesha na flashi ile. NYIMBO ilikuwa muziki wa dansi. Magitaa, tarumbeta, wanaume wanalalamikia wapenzi, mwanzo mpaka mwisho.

"Baba yangu!" alisema, na katikati ya huzuni yake ukasikia ameudhika. "Baba yangu aliyekuwa akinizimia redio!"

Sikujizuia, nilicheka. Wifi akanikanyaga mguu.

"Hamna yeye hata kidogo, dada. Basi tena. Futeni hizo taka nije nichukue kompyuta, wanafunzi wananingoja."

"Umemuuliza mzee?" wifi akasema. "Mwenyewe ndiye mwenye diski."

"Ngoja." Tukasikia hatua, mlango, na sauti yake kwa mbali ikiuliza, "Baba, kwenye ile kompyuta, tufute taka?" Kisha akarudi. "Ameitikia kwa kichwa. Amekubali. Futeni."

Kama ungekuwa wewe, si ungefuta? Mimi ningefuta. Kumeandikwa taka, binti kasema taka, mwenyewe kakubali taka. Nilimwona wifi akiweka mkono kwenye kipanya. Kishale kikaenda hadi kwenye NYIMBO TAKA. Kikakaa.

"Vipi?" nikasema.

"Nani anayetunza taka zake chumba kizima?" akasema. "Chumba hiki ni kikubwa kuliko vile vingine vyote. Mtu anatupa taka, wifi. Hazipangii nyumba."

"Wewe nawe! Mimi nyumbani nina gunia zima la vipande vya vitambaa."

"Na gunia lako umeliandika taka?"

Damu ikanichemka. Nilikuwa na suruali ya mteja mezani, kitambaa cheusi cha bei mbaya, na pindo lilikuwa linanikataa tangu asubuhi. Nikamwambia kwamba udadisi wake siku moja utatulaza njaa, kwamba mteja akisema futa unafuta, kwamba kama ana wasiwasi basi afungue hilo faili moja aone, dunia haitapasuka.

"Sifungui," akasema.

"Basi futa."

"Sifuti."

"Basi kaa hapo mtazamane!"

Akakaa wakatazamana. Miwani ilimshuka mpaka ncha ya pua. Midomo yake ilikuwa inacheza, na nilijua anasoma lebo, anazirudia, ndivyo alivyo. Nikarudi kwenye pindo langu. Baada ya muda nikasikia:

"Picha za wa."

"Za wa nani?" nikamjibu kwa hasira.

"Ndiyo nakuuliza. Picha za wa nani? Mtu mwenye mpango, mwalimu, anaandika 'picha za wa' halafu ananyamaza?"

"Labda aliitwa chakula."

Hakucheka. Aliinua vidole akaanza kuhesabu, akarudia kwa mkono wa pili, kama mama mwenye nyumba anayehesabu vijiko baada ya wageni. Kisha akachukua flashi tupu kwenye droo, akaichomeka, akataka kuibadilisha jina. Akaniita. Nilikwenda, kwa sababu hata mtu mwenye hasira ana macho.

"Tazama kioo, usitazame mikono yangu," akasema, akaandika PICHA ZA WATOTO. Alipofika PICHA ZA WA, kisanduku kikagoma. Vidole vyake viliendelea kugonga, T, O, T, O, na kwenye kioo hakikuongezeka kitu.

"Mtindo huu wa zamani wa kupanga diski, wa flashi hii na wa diski ya mzee, haukubali zaidi ya herufi kumi na moja, na nafasi inahesabiwa. Nilikuwa najua, wifi! Nilisoma. Nikasahau kwamba najua." Alikuwa anacheka peke yake. "Mzee anaandika vipi?"

Nilimwona mzee wa kwaya mbele ya macho yangu, pale ofisini kwao nilipokuwa nikipeleka majoho ya kwaya. Kidole kimoja, kichwa kimeinama juu ya vibonye kama anatafuta shilingi iliyoanguka. Hatazami kioo mpaka amalize.

"Anaandika bila kuinua kichwa," nikasema.

"Basi hakuona kuwa limekatika. Sasa hesabu na hili."

Tulihesabu NYIMBO TAKA pamoja, yeye kwa vidole, mimi kwa vifungo. Kumi na moja.

"Inawezekana ni neno zima," nikasema, maana sipendi kushindwa upesi. "Taka ni taka."

"Inawezekana. Na inawezekana halijaisha. Taka nini? Nitajie."

"Takataka," nikasema. "Nyimbo takataka. Umeona? Ni yale yale." Nikaendelea tu kwa ubishi, huku nanyoosha uzi. "Takasa. Takasika. Takati—"

Nikakwama, uzi wangu mkononi. Wifi alikuwa ameinua uso ananitazama, macho makubwa juu ya miwani.

"Malizia," akasema.

"Takatifu," nikasema. "Mungu wangu. Nyimbo takatifu."

Aliondoa mkono kwenye kipanya kama mtu aliyegusa pasi ya moto. Mimi nilikaa chini. Neno moja limekatwa mkia, na utakatifu wote umegeuka uchafu. Na yule mzee alipoulizwa kama taka zifutwe aliitikia kwa kichwa, kwa nini asiitikie? Nani anaulizwa kama taka zitupwe akakataa?

"Sasa fungua," nikamwambia. Nilikuwa namsihi. "Fungua faili moja tu tuhakikishe. Labda tunajidanganya."

Aliitamani ile diski. Nilimwona anavyoitamani, mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya mapaja ameikalia. Lakini akatikisa kichwa, akachukua simu, akamwambia binti: "Njoo. Na mzee aje. Usimweleze lolote, mwambie fundi ana swali."

"Haji," binti akasema. "Hatoki."

"Mwambie ni swali la herufi."

Sijui ni nini kilichomvuta, labda na yeye ni mwenye kuuliza kama wifi yangu. Walikuja mchana. Mzee amekonda, ameshika fimbo, kitambaa shingoni juu ya lile kovu. Tulimwamkia shikamoo. Marahaba yake ilikuwa ni midomo kusogea na kiganja kuinuka, na jinsi nilivyoikumbuka marahaba yake ya zamani, ile iliyokuwa ikijaza mlango, nilitamani kulia.

Wifi akamkalisha mbele ya kioo. Hakutoa hotuba. Alinyoosha kidole kwenye lebo akasema, "Mzee, hapa ulitaka kuandika nini?"

Mzee akasogeza uso. Akasoma. Akajiondoa nyuma kidogo kama mtu aliyetukanwa, akasogea tena, akasoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko chote bila sauti, machozi yanamtoka. Akatazama huku na huku, akaona chaki yangu ya kuchorea, akaichukua, akainama juu ya suruali ile nyeusi ya mteja wangu na kuandika kwa herufi kubwa katikati ya paja: TIFU.

"Mzee, hiyo ni ya watu!" nikapiga ukelele. Hakuna aliyenisikiliza.

Binti alikuwa ameshika mgongo wa kiti. "Tifu? Tifu nini?" Kisha akasoma kioo, akasoma suruali, akarudi kwenye kioo. Uso ukambadilika.

"Baba. Nilikuuliza tufute."

Mzee akaacha kucheka. Nadhani ndipo naye alipoelewa alichokubali. Alizitazama zile herufi, amekaza uso, na nikajua anafikiri kuhusu kusimama na kuondoka. Dirisha la nyumbani kwake alikuwa akilifunga kwa sababu hiyohiyo, asisikie alichokipoteza. Wifi akasukuma kipanya mpaka karibu na mkono wake, kisha akasimama kando na kutazama ukuta, maana hata hapo, asipofungua mwenyewe, hakufunguliwi.

Mzee akashusha pumzi. Kidole kile kimoja kikabonyeza.

Mafaili yalikuwa mengi, hayana majina ila namba. Akafungua la juu kabisa. Kwanza tulisikia kiti kinakwaruza sakafu, kisha mtu akakohoa, kisha besi ikaingia chumbani kwetu. Vifungo vyangu vilitetemeka ndani ya bati, wallahi vilitetemeka. Alikuwa peke yake, anaimba sehemu ya besi polepole ili wanakwaya wajifunze. Akaimaliza. Akaanza sehemu ya wanawake, anaimba juu juu kwa sauti ya kuchekesha, mzee mzima, na katikati akakosea, akajicheka, akasema, "Tena. Kutoka mwanzo."

Binti alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee mwenyewe hakusogea, alitazama spika kama anayemsikiliza mgeni.

Akaimba tena. Halafu upepo ukasikika, karatasi zikapeperuka mahali fulani miaka ile, na sauti ikakatiza wimbo na kuita, kwa upole, kama mtu anavyomwita mtoto aliyeko chumba cha pili:

"Mama! Mama, hebu nifungie mlango."

"Abee, baba!" binti akaitika, akainuka, akaenda kuufunga mlango wa duka.